Siku Kumi na Nne za Kwenda Kinole

Haki za mfanyakazi nilijifunza nikiwa nimeshika pasi ya mkaa. Sikupitia semina wala sikupewa cheti. Shule niliiacha darasa la tatu, nikiwa najua kuandika jina langu na kusoma mabango ya herufi kubwa, na mpaka leo sijarudi kuulizia masomo yaliyobaki. Nayasema haya mapema asije akatokea msomi akaniuliza nilitumia kitabu gani. Kitabu changu kilikuwa mdomo wa mwajiri wangu.

Mwajiri huyo alikuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi katika kiwanda kimoja pale Morogoro mjini. Kiwanda sikitaji. Alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyelala nyumba ya tatu. Kila Jumamosi mchana alijiandaa kwa mkutano wa wafanyakazi wa Jumatatu, na hotuba zake hakuziandika mezani kama watu wengine. Alizisema kwa sauti, akitembea sebuleni toka dirishani mpaka kabatini na kurudi. Msikilizaji alikuwa mimi, niliyekuwa nampigia pasi mashati.

"Dada, nisikilize, halafu uniambie kama inaingia."

"Nasikiliza, baba."

"Ndugu wafanyakazi! Mwajiri akikuongezea kazi ambayo hamkukubaliana, hajakupa heshima, amekubebesha mzigo wake! Eh? Inaingia?"

"Inaingia, baba. Ila hili shati kola imekwisha."

Yeye nilimwita baba, na mke wake nilimwita mama, ingawa mama huyo nilimzidi miaka mitatu na nilikuwa na mtoto mkubwa kuliko wa kwake. Wao waliniita dada. Kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa ndugu, mpaka ufike wakati wa kuosha vyombo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Anayeikumbuka hahitaji kuelezwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikarudi dukani, sukari ikarudi, mitumba ikamwagwa sokoni kama mchanga. Vitu vilijaa kila mahali isipokuwa kwenye mfuko wa mwenye mshahara. Hapo ndipo kila mtu wa ofisini au wa kiwandani alipoanza kutafuta mradi. Jirani wa kulia akafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kushoto akauza barafu za watoto kupitia dirisha la jikoni. Mama yeye alichagua kuku wa nyama.

Sasa mimi nilipoajiriwa, kuku hawakutajwa. Makubaliano yalikuwa kupika, kufua, kupiga pasi na kufagia. Siku moja narudi na kikapu toka sokoni, nakuta maboksi yamepangwa ukumbini, yanalia. Vifaranga mia mbili.

"Dada, tumepata wageni," mama akasema kwa furaha.

Wageni wale walihamia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na toka siku hiyo nikawa na kazi ya pili bila mtu kuniuliza. Kubadilisha maji, kuchanganya pumba na mashudu na dagaa, kutoa maranda yaliyolowa na kumwaga makavu, kukumbuka chanjo ya gumboro ni siku gani na ya mdondo siku gani. Kuku hajui Jumapili. Hajui Idi wala Krismasi, isipokuwa ile Krismasi yake ya mwisho. Walikaa wiki nane, wakauzwa, na wiki ya tisa wakaja wengine. Nikasema moyoni, hata hawa wana muda wao wa kuondoka. Anayebaki ni mimi.

Lakini wacha nieleze nilivyofika pale, maana hapo ndipo penye kosa.

Baba yangu mzazi alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda hicho hicho. Mimi wakati huo nilikuwa nimemwacha mume wangu kule upande wa Matombo na nimerudi kwetu Kinole, kwa mjomba, kaka wa marehemu mama yangu. Mwenyekiti akamuuliza mlinzi wake, "Mzee, huna binti mtu mzima wa kutusaidia nyumbani?" Mzee wangu akasema anaye. Nikaitwa, nikaja, nikaipenda kazi. Mwenyekiti, kwa kushukuru, akampa mzee wangu koti la suti. Mzee alilivaa getini hata lile jua la mwezi wa kumi na mbili, jasho likimtiririka, na mtu asimwambie kitu.

Basi mwenyekiti akaona amemaliza. Kwao, ukitaka mtoto wa mtu unaongea na baba yake. Angekuwa amemwuliza Mluguru yeyote pale mjini, hata muuza mananasi, angeambiwa kwamba kwetu baba ni baba, tunampenda na kumheshimu, lakini mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli ni mjomba. Mwenyekiti alikuwa ameomba ruhusa kwa mtu asiyekuwa nayo. Na mzee wangu alijua hivyo vizuri kabisa, ila koti lilikuwa zuri.

Na mimi nisijitoe. Nilipoondoka Kinole nilimwambia mjomba naenda kumsalimia baba. Salamu hiyo ilichukua mwaka mmoja na nusu.

Siku moja sokoni, mama mmoja wa kwetu aliyeshusha mananasi akaniita pembeni.

"Mjomba wako anakusalimu. Anasema vuli ikianza, ukoo unapita mashambani. Shamba la marehemu mama yako lina misimu mitatu halijaona jembe lako."

"Nani kasema watalitoa?"

"Hakuna aliyesema. Lakini binti wa mama yako mkubwa siku hizi anapita njia ile kila asubuhi, na kisima chake kiko upande mwingine."

Shamba lenyewe, ukiliona, unaweza kucheka. Limeegemea mlima mpaka ukisimama vibaya unajikuta kwa jirani wa chini. Lina migomba, lina kipande cha mahindi na maharage, na lina midalasini mitatu aliyoipanda mama yangu kwa mkono wake. Lakini mimi nilikuwa mwanamke niliyetoka kwa mume, naishi chumba cha uani cha watu. Duniani kote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu wa kuniambia toka. Na kwa taratibu zetu, ardhi ni ya ukoo. Unayo kwa sababu unailima. Usipoonekana misimu mitatu, ukoo hauna ugomvi na wewe, unampa mwenzio, basi.

Nikamwendea mama. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Mama, naomba siku saba nikalime kwetu."

Akaacha mchele. "Dada. Na kuku je?"

"Kuku hawajambo, mama."

"Nakuuliza nani atawaangalia. Wako wiki ya tano. Ngoja waondoke, utakwenda."

"Wakiondoka mvua itakuwa imeshapita."

"Mvua ya Morogoro inaisha lini? Huko milimani kwenu si inanyesha mwaka mzima?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mchangamfu yule, na chumvi ya chakula hakuninyima. Na wacha niseme ukweli mwingine hapa hapa. Siku hizi nina nyumba yangu ya wageni, vyumba kumi na viwili, nimeijenga kwa mikono hii na kwa mdalasini, na kila anayenifanyia kazi, mpaka dada wa nyumbani kwangu, ana mkataba wa maandishi na likizo yake ya siku ishirini na nane kama sheria inavyotaka. Juzi juzi mmoja wao akaja kuomba likizo wiki ya mahafali ya Mzumbe, wazazi wamejaa kila chumba na wengine wanataka kulala ukumbini. Nikajisikia nasema, "Na wageni je?" Sauti ile ile ya mama, kama nimeazima koo lake. Nikafunga mdomo. Msichana akaenda, nikatandika vitanda mwenyewe, na magoti yakanikumbusha wiki mbili nzima. Kwa hiyo simcheki mama peke yake.

Turudi kwenye pasi. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alikuwa na moto kweli. Kiwandani kulikuwa na maneno kwamba kitauzwa kwa mtu binafsi, na uongozi umesimamisha likizo zote mpaka hesabu zikamilike. Alikuwa anatembea sebuleni mpaka vikombe vinagongana kabatini.

"Likizo si zawadi! Likizo si fadhila! Hata mashine inazimwa ipoe, itakuwa binadamu? Inaingia?"

Nikaweka pasi juu ya kisahani chake. "Inaingia, baba. Ila nina swali."

"Uliza, uliza. Na wao wataniuliza."

"Hiyo likizo ni ya wafanyakazi wa kiwandani tu?"

"Ya wote! Popote penye mwajiri na mwajiriwa."

"Hata asiye na mashine?"

"Hata asiye na mashine. Mfagizi, mpishi, mtunza bustani. Sheria imemtaja mpaka mtumishi wa nyum..."

Akasimama hapo hapo, mguu mmoja mbele. Mimi nikachukua shati lingine.

Akakohoa. "Dada, wewe si mtumishi. Wewe ni mtu wa nyumbani. Wewe ni kama mdogo wangu."

"Asante, baba. Mdogo wako yuko chuo Mzumbe. Chuo kikifunga anakuja hapa, analala mpaka saa nne, na mimi ndiye nampelekea maji ya kuoga. Kama mimi ni mdogo wako, na mimi nianze lini?"

Alikaa kwenye kochi. Mtu yule wakubwa wa kiwanda walikuwa wakimwona anakuja wanatafuta faili la kujifanya wanasoma. Akaangalia mlango wa jikoni, akapunguza sauti.

"Nitaongea na mama."

Hakuongea. Ilipita Jumapili, ikapita wiki. Kila nikimtupia jicho mezani alikuwa ameinamia samaki mwenye miiba mingi. Simba wa kiwandani, nyumbani alikuwa paka wa dirishani, na mimi nilishaanza kupanga nguo zangu kwenye mfuko. Nilikuwa nimeamua: mawingu yakishuka usawa wa lile bomba la maji lililo mlimani juu ya mji, nitaondoka bila ruhusa na kazi ipotee. Sikutaka kuipoteza. Lakini kazi nyingine ningepata. Shamba la mama yangu liko moja.

Ndipo mjomba akaja.

Alikuja Jumapili saa tano asubuhi, wenyewe wametoka kanisani, na mimi niko bandani. Mtu mfupi, mkavu, kanzu yake ya Ijumaa na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika, mkungu wa ndizi begani. Mwenyekiti alimwamkia shikamoo vizuri, na mama akapiga goti kwa adabu ya kwao.

"Marahaba, marahaba. Nimekuja kuulizia mtu wetu," mjomba akasema. "Naona mnaye."

"Karibu sana mzee. Wewe ni..."

"Mimi ni mjomba wake."

"Aa! Basi tumefurahi. Baba yake tuko naye kiwandani. Mtu mwema sana."

"Mwema mno. Hata sisi tunampenda. Toka alipooa kwetu hajatusumbua."

Mwenyekiti hakuelewa kicheko kilichonitoka nikiwa kwenye kona ya nyumba. Akaendelea, "Na huyu tulimwomba kwake kwa heshima zote."

"Nimesikia. Na koti nimeliona, nimepita getini." Mjomba akaufunga mwavuli polepole. "Koti zuri. Lakini baba, huko kwenu mtu akitaka kuazima jembe la jirani, anamwomba yule mkwe aliyekuja kutembea?"

Mama akaleta kiti kingine, akakitandika kitambaa, akamkaribisha mgeni chai. Mjomba akasema chai atakunywa maneno yakiisha. Hapo mwenyekiti akatambua kwamba hii si ziara. Akafanya kile ambacho mkono wake ulizoea. Akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akakaa wima.

"Basi tufanye kikao. Mzee, hoja yako ni nini?"

"Vuli inaanza wiki ijayo. Ukoo unapita mashambani. Huyu asipokuwepo na jembe mkononi, shamba la mama yake linakwenda kwa mwenziwe. Mimi ndiye nitakayelitoa, na sitaki."

Mama akadakia. "Mzee wangu, samahani. Hakuna kibarua kule wa kumlimia? Sisi tutamlipa."

"Mama, huyu mtoto wako hapa mgongoni, ulimtuma kibarua akuzalie?"

Mama akajiziba mdomo na khanga, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Mjomba hakucheka.

"Wa kukodi hahesabiki. Tunaangalia mwenyewe."

"Sawa mzee," mama akasema, "lakini tuna kuku mia mbili. Yeye ndiye anayewajua. Wataangaliwa na nani?"

"Kuku wa nani?"

Hata kuku bandani nadhani walinyamaza kusikiliza.

"Wetu," mama akajibu, chini chini.

"Basi si wana wenyewe?"

Mwenyekiti alikuwa anaandika. Akainua kichwa. "Mzee anaomba siku ngapi?"

"Saba zitatosha."

Na hapa ndugu zangu ndipo ilipotokea ile ambayo nikiikumbuka nacheka mpaka leo peke yangu. Mwenyekiti alisikia neno saba, na kitu ndani yake kikashika moto. Miaka yote ile alikuwa hajakaa kwenye meza ya mazungumzo ila upande mmoja tu, na mwili wake haukuujua upande mwingine. Akasimama.

"Saba? Mzee, saba hazitoshi! Toa siku ya kwenda, toa siku ya kurudi! Na barabara ile ya Mkuyuni, mvua ikinyesha gari linakwama kutwa! Hapo mtu hajapumzika, amelima tu! Mfanyakazi amekaa mwaka na nusu bila likizo, bila mapumziko ya wiki, kazi ameongezewa bila makubaliano, halafu tukubali siku saba? Hapana! Kumi na nne! Na hapo hatushuki!"

Mjomba alimtazama kwa heshima mpya. Mama alimtazama kwa namna nyingine.

"Hatushuki nani?" akauliza.

Mwenyekiti akaangalia daftari.

"Nakuuliza baba watoto. Wewe hapo uko upande gani?"

Akakaa taratibu, akajipangusa uso. "Imeshaingia kwenye muhtasari," akasema. "Kumi na nne."

Chai ikanywewa. Mama akaamuru achinjwe kuku mmoja kwa ajili ya mgeni, nikamchagua yule mkubwa aliyekuwa akiwanyanyasa wenzake kwenye chombo cha maji. Mwenyekiti akasema huyo ndiye wa kwanza kupunguzwa kazi mwaka ule, na mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba baada ya kusema hivyo hakula vizuri.

Karatasi ya likizo aliniandikia mwenyewe, akaweka sahihi. Kuanzia Jumatatu, mpaka Jumapili ya wiki ya pili jioni, kurudi kazini Jumatatu asubuhi. Niliisoma herufi moja moja kwa muda mrefu nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu, si kwa sababu sikumwamini, ila nilikuwa sijawahi kuandikwa jina na mtu isipokuwa kliniki.

Tulipanda pikapu na mjomba mpaka Mkuyuni, kisha tukaipanda njia ya Kinole kwa miguu, mvua ikitusindikiza. Siku ya kwanza jembe lilinishinda. Mwaka na nusu wa maranda ulikuwa umenilainisha viganja kama vya karani. Siku ya tatu malengelenge yakapasuka, siku ya tano nikawa mtu. Nilifyeka, nikapalilia migomba, nikapanda mahindi na maharage kwenye mteremko ule huku nimeshika kisiki kwa mkono mmoja. Binti wa mama mkubwa akapita, ndoo kichwani.

"Kumbe umekuja. Tulisikia umekuwa mtu wa mjini."

"Nimekuja likizo," nikamwambia.

"Likizo ndiyo nini?"

"Ni ruhusa ya kuja kukuona unapotea njia ya kisimani."

Akacheka kwa sauti, hakuwa mtu wa kinyongo. Kesho yake akaniletea mbegu za maharage na tukapanda mstari mmoja pamoja. Angelipewa lile shamba angelilima vizuri kuliko mimi, hilo nalijua. Lakini hakupewa.

Siku ukoo ulipopita walikuwa wazee wanne na mjomba mbele. Nilikuwa nimechutama kwenye tope, khanga imelowa mpaka kiunoni. Mjomba akasimama, akagusa mdalasini mmoja kwa fimbo.

"Hapa yupo mwenyewe," akasema, wakaendelea na njia.

Ni maneno matatu tu. Sikulia. Nilikohoa, na kikohozi kile kilichukua muda.

Kurudi mjini nilibahatika usafiri mapema, gari lililoshusha watu wa gulio likawa na nafasi, kwa hiyo nilifika Jumamosi mchana badala ya Jumapili. Nikapitia uani. Nilichokiona sikukitarajia. Mwenyekiti yuko ndani ya banda, mabuti ya mvua miguuni, anasukuma maranda kwa fagio la sebuleni. Mdogo wake wa Mzumbe, aliyekuja mwisho wa wiki, ana ndoo mbili na uso wa mtu aliyedhulumiwa na dunia. Mama amejifunga khanga kifuani, amekaa juu ya gunia la pumba, anaangalia mbele tu.

Aliponiona aliruka. "Dada! Mungu ni mkubwa! Njoo mwanangu, shika hii ndoo, wale wa kule mwisho hawajanywa toka..."

"Mama, salamu za nyumbani, wanawasalimu wote. Lakini leo Jumamosi."

"Ndiyo, Jumamosi. Kwani?"

Nikatoa karatasi kifuani, nikampa mwenyekiti kupitia wavu wa banda. Akapangusa mkono, akaisoma aliyoiandika mwenyewe, midomo ikicheza.

"Inaishia kesho jioni," akasema. "Yuko sahihi."

"Wewe mwanaume!" mama akapiga kelele, kisha akaketi tena juu ya gunia, na kicheko kikamshika mpaka machozi. "Nendeni zenu nyote wawili. Mwenyekiti gani huyu Mungu amenipa."

Basi nikaenda barazani, nikakaa kwenye kiti cha wageni. Sikuwahi kukikalia. Kilikuwa na msumari uliochomoza upande wa kushoto, nikajua kwa nini wageni wa nyumba ile hawakai sana. Baada ya muda mama akaja na vikombe viwili vya chai, akakaa kwenye ngazi, chini yangu, akanyoosha miguu.

"Kumi na saba wamekufa," akasema.

"Pole mama."

"Wengine wamejikunyata huko kwenye kona, hawali. Sijui ni nini."

Nikajisikia vibaya, nao kuku hawakuwa na kosa. "Maranda yamelowa, mama. Baba anayasukuma tu, inatakiwa yatolewe yote. Hilo nimekwambia bure, si kazi."

Akaita kuelekea bandani, "Yatoe yote!" na kutoka huko ikasikika sauti ya mtu akisema neno la kwao ambalo sikuwahi kuliuliza maana yake.

Mama akanywa chai yake. "Mimi sikujua kama ina kazi hivi."

"Najua hukujua, mama."

"Ungesema."

"Nilisema. Nilisema siku saba."

Akakaa anatazama mlima. Juu huko mvua ilikuwa imeufunika mpaka katikati, na mimi nilikuwa nawaza mbegu zangu, kama zimeshika au zimeteremshwa na maji mpaka kwa jirani.

"Na utataka kwenda tena," akasema. Hakuuliza.

"Kila msimu. Nisipokwenda itakuwa nilikwenda bure."

Alifikiri. Kisha akageuka, akamwita mumewe aje na daftari. Akaja, maranda kwenye nywele, buti moja limeachwa njiani, kalamu sikioni. Akakaa kwenye ngazi kando ya mkewe, akafungua ukurasa mpya.

"Haya dada," akasema, "tuandike makubaliano yote upya. Kazi zipi zako, kuku wako wangapi na wetu wangapi, mapumziko siku gani. Tuanze na Jumapili?"

"Jumapili tutaifikia," nikasema. "Anza na masika."

"Masika ni mwezi wa ngapi kule kwenu?" mama akauliza.

"Wa tatu. Na usihangaike, mama. Nimeshahesabu toka Mkuyuni. Kuku watakaokuwepo watakuwa na wiki tano."